Nyundo Gizani

Baba alikuwa mrusha nyundo wa timu ya kiwanda cha glasi:
ratili kumi na sita za chuma mwisho wa waya.
Jioni moja ya Novemba taa za uwanja zilizimika
naye yumo katikati ya mzunguko wa tatu.
Nilikuwa na miaka saba, nimelikumbatia koti lake nyuma ya wavu.
Nyundo sikuiona. Waya sikuuona.
Niliona fulana nyeupe tu,
inazunguka, imeegemea nyuma,
imeegemea mahali pasipo na kitu,
pale ambapo mtu yeyote angeanguka chali.
Hakuanguka.
Ndipo nikajua nyundo iko wapi.

Sasa ni saa tisa usiku, juu ya milima ya Mátra.
Theluji imefika magotini. Mbweha amepita mlangoni,
hatukumwona, tumeona alipokanyaga.
Kahawa ya Gellért ni ile ya jana.
Nyota yangu haina jina, ina namba,
nyota ya wastani, rangi ya kitunguu kilichokaangwa kidogo.
Sayari yake hatuioni, wala hatutaiona:
mwanga wa mama unammeza mtoto.
Basi mtoto hatumtafuti. Tunamkodolea mama macho,
tunamuuliza: mbona unayumba?

Tunaufumua mwanga wake uzi kwa uzi
mpaka ibaki ile michirizi myeusi, ya chuma, ya sodiamu,
kisha tunangoja isogee.
Ikielekea bluu, anatujia.
Ikielekea nyekundu, anatuacha.
Mita arobaini kwa sekunde,
kasi ya pikipiki ya kijana asiyemwogopa mamake,
na anakwenda, anarudi, kila siku ya kumi na moja,
kama aliyesahau funguo.

Mara ya kwanza nilitangaza mapema.
Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na haraka.
Mzunguko wa siku mia tatu sitini na tano na robo!
Gellért alisoma karatasi yangu, akavua miwani,
akaifuta kwa ncha ya tai, akaifuta tena,
akasema, Hongera, Boróka. Umegundua Dunia.
Kweli. Nilikosea kuutoa mwendo wetu sisi.
Sayari ya kwanza niliyoipata
ni hii hii niliyokuwa nimeikanyaga.

Tangu siku ile natoa kwanza.
Natoa kuzunguka kwetu, natoa mwezi,
natoa joto la chumba, natoa hata madoa
usoni mwa nyota yenyewe, yanayojifanya mzigo.
Kinachokataa kutoka, hicho ndicho nakihesabu.

Jumapili nilishuka mjini Gyöngyös kumwona Baba.
Anatembea upande, amelalia kushoto.
Daktari ameipiga picha nyonga yake mara mbili,
anasema nyonga ni nzima kuliko yake yeye.
Nilimtazama kupitia dirisha la duka la mikate
akivuka barabara iliyoganda, peke yake, polepole,
kiwiko cha kushoto kimekunjwa, kimeachwa wazi
kama sikio la kikombe,
chini kidogo, kimo cha mkono wa mtu mfupi.
Mama alikuwa mfupi.
Miaka minne sasa.
Nilimfungulia mlango, tukanunua mkate wa mbegu za mpopi.
Nyonga sikuitaja.

Gellért anasema tungoje msimu mmoja zaidi.
Tungoje. Nyota haina pa kwenda, ina pa kurudi.
Nukta ya usiku huu, ya mia mbili na kumi na mbili,
imeangukia pale pale nilipoiwekea nafasi kwa penseli
tangu Machi.
Sikupiga kelele. Vidole vimekufa ganzi,
nimeviweka kwapani hadi viweze kushika kalamu,
na daftarini nimeandika hivi:
saa tisa na dakika kumi na moja,
upepo wa kaskazini, anga safi,
nyota imeegemea nyuma.